Asante kwa Shaka Lako

Wiki ya pili baada ya mazishi, Dada Mkubwa aliingia chumbani kwake, akashindika mlango, akalitoa daftari la mikutano kutoka chini ya masweta. Alikuwa amelifunga ndani ya foronya ya kazini, ile yenye mhuri wa kiwanda pembeni. Hakulifungua. Alikaa kitandani amelipakata kama mtu anavyompakata mtoto mwenye homa, akamsikiliza mama yake upande wa pili wa ukuta akiongea na Mungu kwa sauti ya kawaida, kama anaongea na jirani wa miaka mingi.

"Wewe unajua," Mama alikuwa anasema. "Mwanangu hakuwa mzembe. Wewe unajua, lakini mimi nataka na wao wajue."

Barua ilikuwa imefika asubuhi hiyo. Ilisema uchunguzi wa awali umeonyesha kwamba marehemu, aliyekuwa mhudumu wa boila, hakukagua mtambo wake ipasavyo wala hakutoa taarifa ya hitilafu yoyote. Ilisema pia kwamba mlango wa chumba cha boila ulikutwa umefungwa kwa ndani saa za kazi, jambo linaloashiria kuwa huenda alikuwa amelala. Kikao cha mwisho kingefanyika Jumatano, na familia iliruhusiwa kumtuma mtu mmoja. Mama hakuwa na kisomo kikubwa, lakini neno "uzembe" alilisoma mwenyewe, kwa kidole, mara tatu.

"Utaenda wewe," alimwambia Dada Mkubwa. "Wewe ndiye unayejua kusema mbele za watu."

Kweli alijua, na hilo ndilo lililokuwa linamtafuna. Ndani ya lile daftari, kwenye ukurasa wa mwezi uliopita, kulikuwa na maneno ambayo yangelisafisha jina la mdogo wake kwa dakika moja. Yalikuwa yameandikwa kwa mwandiko wake yeye Dada Mkubwa, ulionyooka, bila kufutwafutwa. Na yeyote atakayeyasoma angemuuliza swali moja tu: kama uliyaandika vizuri hivi, ulifanya nini baada ya kuyaandika?

Dada Mkubwa alianza kupanga watu kabla hajajua kusuka nywele zake mwenyewe. Baba yao alifariki yeye akiwa na miaka kumi na mitatu na mdogo wake ana sita. Mama alikuwa anaondoka alfajiri kwenda kusafisha maofisi, anarudi jioni miguu imevimba. Nyumba ikabaki mikononi mwa msichana. Alichora mistari ya mkaa nyuma ya mlango wa jikoni: siku, kazi, nani. Wakati wa kula kila mmoja alisema habari za siku yake kwa zamu, na asiye na zamu alifunga mdomo. Mdogo wake aliupenda utaratibu huo kuliko hata aliyeutunga, kwa sababu alikuwa mtoto asiyejua kujipenyeza kwenye maneno ya watu. Zamu yake ikifika, alisema. Isipofika, alikaa na lake.

Siku moja alikanyaga msumari akitoka shule. Akatembea nao ndani ya kiatu mpaka nyumbani, akala, akaosha vyombo. Dada Mkubwa alijua alipoona damu sakafuni.

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza," alijibu, wala hakujibu kwa kiburi.

Kisa hicho kikawa cha kuchekea kwa miaka mingi. Mtaani wakamwita Kimya, na jina likamkaa mpaka kwenye kitambulisho cha kazi, maana karani wa kiwandani alilisikia likitajwa akadhani ndilo lenyewe.

Kiwanda kilifua mashuka, taulo na vitambaa vya meza vya mahoteli, na mashuka ya wagonjwa ya hospitali mbili. Dada Mkubwa aliingia hapo akiwa na miaka ishirini na mmoja, akaanzia kwenye meza ya kuchambua nguo chafu, mahali ambapo mtu hujifunza upesi kutovuta pumzi kwa pua. Akahamia kwenye pasi kubwa za mvuke, akatoka huko na kovu la kuungua kutoka kiwiko mpaka kifundo. Mwaka wa kumi na nane akawa msimamizi wa zamu ya mchana. Ni yeye aliyemwombea Kimya kazi alipopata cheti chake cha ufundi. Wakampa boila, chumba cha nyuma chenye joto na ngurumo, ambapo hakuna anayetegemea kusikia mtu akiongea.

"Nimepata mke," alimwambia Mama siku ya kwanza. "Ananguruma kutwa, lakini hanisemi."

"Na wa nyama na damu utamleta lini?"

"Huyu akinipa ruhusa."

Hakumpa. Kimya alifika miaka arobaini na moja bado anakaa na Mama, anamkanda miguu jioni, anarekebisha bawaba za milango ya majirani bila kuombwa mara mbili.

Wakati huo mikutano ya kiwandani ilikuwa adhabu. Kila Jumatatu watu saba walikaa kwenye chumba cha chakula saa mbili nzima. Mmoja akitoa wazo, mwingine analikata kabla halijafika mwisho. Dereva analalamikia barabara, karani analalamikia dereva, na mkunja mashuka mmoja waliyemwita Redio anawalalamikia wote bila kupumua. Mwishowe meneja anatazama saa, anasema lile alilokuja nalo kichwani tangu nyumbani kwake, na kikao kinafungwa. Kimya alihudhuria mikutano hiyo miaka tisa. Hakutamka neno zaidi ya salamu.

Ndipo Dada Mkubwa akapelekwa semina ya siku tatu. Mwalimu wa semina aliwaambia jambo lililomwingia kama maji kwenye ardhi kavu: kwamba watu kwenye mkutano hawashindwi kufikiri, wanashindwa kwa sababu kila mmoja anafikiri kwa namna yake wakati mmoja. Huyu anahesabu, huyu anaogopa, huyu anaota, huyu anajitetea. Watenganishe, alisema. Kipe kila kichwa kazi moja, kwa muda maalumu, na wengine wanyamaze. Dada Mkubwa aliandika kila neno. Alipokuwa anarudi nyumbani alijiona ni yule msichana wa mistari ya mkaa, ila sasa kuna mtu mwenye cheti aliyemwambia kwamba alikuwa sahihi siku zote.

Alichukua viti vinne vya chumba cha chakula, akaviandika mgongoni kwa kalamu nene. Kiti cha Macho: aliyekaa hapo anasema yaliyoonekana wiki iliyopita, kwa hesabu, bila maoni. Kiti cha Faida: anasema uzuri wa kila pendekezo. Kiti cha Shaka: anasema kila baya linaloweza kutokea. Kiti cha Njia: anatafuta namna ya kufanya. Kila mmoja dakika nne. Zamu ziliandikwa kwenye orodha iliyobandikwa mlangoni, ili asiwepo wa kusema ameonewa. Na kulikuwa na sheria mbili alizozisimamia kama amri za Mungu. Ya kwanza, asiyekaa kwenye Kiti cha Shaka haruhusiwi kutaja hatari, na anayekaa hapo habishiwi wala hachukiwi, akimaliza wote wanamwambia, "Asante kwa shaka lako." Ya pili, mwenyekiti, yaani yeye mwenyewe, asiambiwe lolote kabla ya mkutano, asije akaegemea upande.

Walimcheka kwanza. Redio akampa jina la Ajenda. "Bosi Ajenda, na chooni tunaingia kwa kiti gani?" Lakini mwezi wa pili mkutano ulikuwa unakwisha kwa dakika arobaini. Waliokuwa wanagombana walianza kusikilizana, kwa kuwa hakuna aliyelazimika kulilinda neno lake. Siku Kimya alipoangukiwa na Kiti cha Njia, alikohoa, akatazama mikono yake, akasema maji ya suuza ya mwisho ni safi na bado ya moto, yarudishwe kwenye ufuaji wa kwanza, na bomba la kufanyia hivyo anaweza kulifunga mwenyewe. Walifanya hivyo na boila ikapunguza kuni zake kwa robo. Dada Mkubwa alifika nyumbani siku hiyo akamwimbia Mama: miaka tisa, Mama, miaka tisa alikuwa na wazo lile, na hakuna aliyempa nafasi.

Mtu asidhani basi kwamba njia ile ilikuwa upuuzi. Ilikuwa njema. Ila Kiti cha Shaka kilikuwa na watu wake. Kwa kuwa aliyekaa hapo alitakiwa aogope, watu walijifunza kuogopa kwa ufundi. Dereva alikaa akasema paa litawaangukia. Karani akasema panya watakula nyaya za umeme na mji mzima utakosa mashuka. Wakacheka, wakasema asante, wakaenda kazini. Kufika mwisho wa mwaka, Kiti cha Shaka ndicho kilichosubiriwa kwa hamu, kama mchekeshaji wa mwisho kwenye sherehe.

Ijumaa moja jioni Kimya alimkuta Dada Mkubwa uani akianua nguo.

"Dada. Jumatatu nataka kiti cha Redio."

"Cha Shaka? Zamu yako bado wiki tatu."

"Nimeshamwomba Redio. Amekubali. Anasema nimemwokoa, hana la kuogopa wiki hii isipokuwa mumewe."

Dada Mkubwa akacheka. Aliona fahari. Mdogo wake, aliyetembea na msumari kiatuni, leo anaomba kusema. "Haya, nitakuandika."

Kimya hakuondoka. Alishika pembe ya shuka moja akamsaidia kulikunja. "Ni hivi," akaanza. "Kule nyuma, ile vali..."

"Shh." Dada Mkubwa alimwekea kidole mdomoni, kama mtu anavyomfanyia mtoto. "Usinipe sasa, utaniharibia mwenyekiti. Weka mpaka Jumatatu."

Kimya akafunga mdomo. Walimaliza kukunja shuka, pembe kwa pembe, wakaingia ndani kula.

Jumatatu alikuja na karatasi. Meneja naye alihudhuria, kwa kuwa alikuwa amesifiwa huko juu kuhusu mikutano yake mifupi. Kimya aliketi, akaiweka karatasi gotini, akaisoma bila kuinua uso. Alisema kila Jumamosi huinua mkono wa vali ya usalama, ile inayotoa mvuke nje presha ikizidi, ili aone kama inapumua. Jumamosi mbili zimepita haijapumua. Mkono unakwenda, mvuke hautoki. Geji ya presha nayo inachelewa kupanda, kwa hiyo hawezi kuiamini. Alisema yeye hana ruhusa ya kuzima boila siku nzima bila saini ya meneja, na anaiomba saini hiyo, siku moja tu, fundi wa nje aje aifungue vali. Akageuza karatasi. Upande wa pili kulikuwa na mstari mmoja.

"Nikikaa mle ndani naogopa," alisoma.

Kisha Redio akapuliza pumzi.

"Leo kiti kimempata mwenyewe. Mimi hapa nywele zimesimama."

Wakacheka, na kicheko kile kilikuwa cha upendo; hakuna aliyewahi kumsikia akiongea dakika nne. Meneja akapiga meza kwa kiganja. "Hivi ndivyo kiti kinavyotakiwa," alisema. "Siyo hadithi za panya."

"Asante kwa shaka lako," wakasema wote kwa pamoja.

Kiti cha Faida kikasema wiki hiyo mahoteli matatu yanafunguliwa baada ya ukarabati, na mashuka yao hayawezi kusubiri. Kiti cha Njia kikapendekeza boila izimwe mwisho wa mwezi, kazi ikipungua. Dada Mkubwa akaandika yote. Akatazama saa: dakika thelathini na moja. Hawakuwahi kumaliza mapema hivyo.

Kimya alibaki nyuma kupanga viti.

"Dada."

"Umeongea vizuri mno. Mama nitamsimulia leo."

"Sikuwa nataka kuongea vizuri."

"Basi umeongea vizuri bila kutaka," alisema Dada Mkubwa, akambana shavu, akakimbilia simu iliyokuwa inalia ofisini.

Jumanne na Jumatano Kimya aliendesha boila kwa moto mdogo. Wanawake wa pasi wakaanza kulalamika kwamba pasi zimepoa, shuka linatoka na mikunjo. Jumatano mchana Dada Mkubwa alimtuma Redio kule nyuma: mwambie ndugu yangu aongeze mvuke, tumechelewa. Redio alirudi akasema Kimya ameitikia kwa kichwa tu, kisha akauvuta mlango wa chumba cha boila akaufunga, ule mlango ambao siku zote ulikuwa wazi kwa ajili ya hewa.

"Umemuudhi," Redio alisema.

Alhamisi saa nne na dakika kumi asubuhi boila ilipasuka. Wanawake kumi na mmoja walikuwa kwenye pasi, hatua kumi na tano kutoka hapo. Mlango wa chuma ulipinda kama kadi lakini haukutoka kwenye fremu. Wanawake wote walitoka na uhai wao. Mashuka ya mahoteli yaliokotwa barabarani, juu ya mapaa, kwenye waya za umeme. Kimya hawakumruhusu Mama amwone.

Siku zilizofuata Dada Mkubwa hakuweza kusali. Alipiga magoti akajikuta anaigawa sala vipande, kama ajenda: kwanza yaliyoonekana, kisha ya kushukuru. Akifika mahali pa kumwambia Mungu anachokiogopa, ulimi unakauka. Aliona kama anasikia sauti za watu saba zikimjibu kwa adabu kutoka upande ule mwingine, maneno yaleyale manne, na kisha kikao kinaendelea. Wala hakumlaumu Mungu kwa hilo. Alijua sauti zile zilitoka wapi.

Redio alikuja nyumbani siku moja kabla ya kikao cha uchunguzi. Alikaa ukingoni mwa kiti, hajavua kitambaa cha kichwa.

"Wametuuliza wote," alisema kwa sauti ya chini, Mama asisikie. "Tumesema hatukumbuki chochote. Meneja anasema yale yalikuwa mashaka ya kiti, siyo taarifa. Na kweli, Ajenda, sisi tulijua ni zamu."

"Ilikuwa zamu yako wewe."

Redio akainamisha kichwa. "Nina watoto wanne," alisema mwishowe. "Ukilitoa lile daftari, tumo wote ndani yake. Na wewe ndiye wa kwanza."

"Najua."

"Hayupo tena, Ajenda. Uzembe utamuuma nini?"

Kutoka jikoni ilisikika sauti ya Mama akiosha kikombe kimoja, kile cha bati alichokuwa akikitumia Kimya. Alikiosha kila siku ingawa hakuna aliyekinywea.

Jumatano Dada Mkubwa alivaa gauni lake la kazini. Kikao kilikuwa kwenye ofisi moja ndogo yenye feni isiyozunguka. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani. Pembeni yake alikaa karani mwandishi, na upande wa pili meneja, aliyekuwa amekonda tangu ajali ile. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekuja mazishini na kulia kweli.

"Familia ina la kusema?" mkaguzi aliuliza.

Dada Mkubwa akafungua foronya. Akasoma ukurasa mzima, wa Jumatatu ile, kwa sauti yake ya mkutano: vali, Jumamosi mbili, geji, saini. Na mstari wa mwisho, kwamba akikaa mle ndani anaogopa. Alipomaliza aliliweka daftari mezani, mbele ya mkaguzi.

"Hilo daftari mbona hatukuletewa?" mkaguzi aliuliza.

"Nilikuwa nalo mimi."

Meneja akafuta uso kwa leso. "Mheshimiwa, naomba nieleze. Tulikuwa na utaratibu. Kila Jumatatu mtu mmoja anapewa kazi ya kuogopa. Wiki moja ni paa, wiki nyingine ni panya. Siyo taarifa, ni zoezi, la kutufanya tufikiri. Mama huyu mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Marehemu alifanya zamu yake kama wengine."

Mkaguzi akashusha miwani ya kichwani akaivaa juu ya ile nyingine, akausoma ukurasa taratibu. "Hapa juu pameandikwa Kiti cha Shaka," alisema. Akamtazama Dada Mkubwa. "Nijibu wewe uliyeandika. Lilikuwa onyo, au ilikuwa zamu?"

Angeweza kusema onyo, basi, na kunyamaza. Meneja angesema zamu, na karani angeandika yote mawili, na neno lile lingebaki juu ya kaburi. Dada Mkubwa akafungua daftari jalada la nyuma, ambapo alikuwa amegundisha orodha ya zamu baada ya kuibandua mlangoni.

"Haikuwa zamu yake," alisema. "Tazama. Jumatatu hiyo ni ya mkunja mashuka. Jina limekatwa, la mdogo wangu limeandikwa juu. Alikiomba kiti."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kwetu asiyekaa pale hakuruhusiwa kutaja hatari. Ndiyo ilikuwa sheria. Yeye alikuwa mtu wa kufuata sheria."

"Alimwomba nani?"

"Mimi. Ijumaa yake, nyumbani."

"Na alikueleza sababu?"

Feni ilikuwa imetulia pale juu na vumbi lake. Karani alisubiri na kalamu yake.

"Alianza kunieleza," Dada Mkubwa alisema. "Alifika kwenye vali. Nikamwekea kidole mdomoni. Jumatano nikatuma mtu amwambie aongeze mvuke." Akamgeukia karani. "Na ule mlango hakuufunga ili alale. Alipoambiwa aongeze ndipo alipoufunga. Nyuma yake kulikuwa na wanawake kumi na mmoja, na kwenye mkutano hakuna aliyemsikia. Andika na hilo."

Meneja aliinamisha uso. Karani akaandika.

Barua ya pili ilifika baada ya siku kumi. Ilisema marehemu alitoa onyo la wazi, kwa wakati, mbele ya uongozi, na kwamba kufunga kwake mlango kuliokoa maisha ya watu. Ilisema onyo hilo lilipuuzwa na mwenyekiti wa mkutano na meneja, na kwamba wote wawili wameondolewa kwenye nafasi zao. Dada Mkubwa aliruhusiwa kurudi kwenye meza ya kuchambua nguo chafu, kiwanda kikifunguliwa tena. Viti vinne vilikuwa vimesuguliwa migongo kwa mafuta ya taa. Maandishi yalitoka, ila ukiviangalia kwa pembeni unaona bado mahali yalipokuwa.

Alimsomea Mama barua yote, mezani, mchana. Mama alisikiliza viganja vimefunikana. Ilipofika pale pa mlango alifumba macho akamshukuru Mungu kwa midomo tu. Ilipofika pale pa mwenyekiti aliyafumbua.

"Mwenyekiti ndiye wewe."

"Ndiyo, Mama."

"Kwa hiyo alikuambia."

"Aliniambia."

Mama aliikunja barua, akaitia ndani ya kitabu chake cha sala, akakifunga. Hakupandisha sauti. Hakuwahi kuipandisha juu ya jambo hilo, siku ile wala baadaye, na Dada Mkubwa alikuja kutamani kama angeipandisha.

"Nataka kuyasikia alivyoyasema mwenyewe," Mama alisema. "Siyo ya barua."

Daftari lilibaki kwa mkaguzi, lakini Dada Mkubwa hakulihitaji. Aliyasema yote, moja baada ya jingine, mikono ikiwa magotini, macho kwenye kitambaa cha meza, jinsi Kimya alivyokuwa amekaa. Ilichukua dakika nne. Mama hakumkatiza. Ulipofika mstari wa upande wa pili wa karatasi, ule wa kuogopa, Mama alishusha pumzi ndefu kama mtu aliyeubeba mzigo njia nzima akauweka chini, na papo hapo akaambiwa aubebe tena.

"Mtoto huyu hakuwahi kusema anaogopa," alisema. "Hata alipokuwa mdogo. Hata siku ya msumari." Akapangusa meza kwa kiganja, mahali pasipo na kitu. "Na nyinyi mlipomsikia anasema hivyo, mlimjibu nini?"

Kule nje mtu alikuwa anapigilia bati, anaacha, anapigilia.

"Tulimshukuru, Mama," alisema. "Wote kwa pamoja."

Mama akatikisa kichwa taratibu, akainuka, akakichukua kile kikombe cha bati, akaenda kukiosha.